Kisa cha Fundi wa Ngamiani: kilo zake hazikuja na pilau ya Idd

Mwenye kisa ni mama wa miaka 46, fundi cherehani, anaishi na kushonea kwenye mojawapo ya zile barabara za namba pale Ngamiani, Tanga mjini. Jina silitaji, ndo tulivyokubaliana, humu nitamwita Fundi tu maana hata mtaani ndo wanavyomwita, wakubwa kwa watoto. Urefu wake sentimita 158, na siku tuliyompima mara ya kwanza, Shaabani ya 2025 watu wakiwa kwenye vunjajungu, zile shamrashamra za kula kabla ya mfungo, mizani ikasoma kilo 81. Ukipiga ile hesabu ya uzito kugawa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe inakuja 32 na ushee, na kuanzia 25 unahesabiwa uzito umezidi, kuanzia 30 ni unene wenyewe. Kiuno inchi 39, yaani sentimita 99, wakati kwa mwanamke ukishapita 80 tu inabidi uanze kuangalia habari za moyo na sukari. Presha yake iko juu kidogo. Sukari haijamgusa, ila mamake mzazi alikuwa nayo.

Hayuko peke yake katika hili, utafiti wa afya wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wenye miaka 15 mpaka 49 wana uzito uliozidi au unene, na ukitembea Tanga siku ya harusi huhitaji hata utafiti.

Shida aliyoileta yeye haikuwa unene. Alisema hivi, "Mwanangu mie sitaki kuwa kama mti wa fagio, nataka nguo ya harusi nikiishona leo, mwakani niivae bila kuachia mishono." Na tayari alikuwa na mchawi wake: pilau ya Idd. Binti yake ambaye ndo alimleta akawa na mchawi mwingine, futari, akasema mama ukikaa mkekani Magharibi huinuki mpaka kaimati ziishe. Kila mmoja ana ushahidi wake na kila mmoja anasema kwa uhakika kabisa.

Sasa kilichofanya nikiandike kisa hiki ni kwamba Fundi ana kitu ambacho wengi wetu hatuna. Ana daftari la vipimo. Wateja wake wote wamo humo, kifua, kiuno, hipsi, urefu, na yeye mwenyewe pia yumo, kwasababu kila mwaka anajishonea mara mbili: mara moja kumi la mwisho la Ramadhani kwa ajili ya Idd, na mara ya pili wiki kama sita baadaye, kwenye harusi za mfungo mosi na mfungo pili, yaani Shawali na mwezi unaoifuata. Anapimwa na msaidizi wake kwa tepu ileile, sehemu ileile. Kumbukumbu zinaanzia 2018. Hajawahi kuzisoma kwa pamoja, kwake zilikuwa ni namba za kukatia kitambaa basi.

Tukakaa tukazisoma, hapa nataja baadhi ya miaka. 2018 kabla ya Idd kiuno 34, kwenye harusi 35. 2021 kabla ya Idd 36, harusi 37. 2022 ikatoka 36 na nusu ikaenda 37 na nusu. 2023 kutoka 37 na nusu kwenda 38 na nusu. 2024 kutoka 38 kwenda 39. (2020 hakuna kitu, mwaka wa korona hakukuwa na shughuli za maana.) Angalia vizuri hizo namba. Kila mwaka kipimo cha kabla ya Idd, yaani mwisho wa Ramadhani baada ya futari zote zile za wiki nne, ni kidogo kuliko cha harusi za mwaka uliotangulia au kimelingana nacho. Ramadhani haikumnenepesha hata mara moja. Kinachopanda ni kati ya Idd na harusi, wiki sita hizo tu, alafu mwaka mzima unaobaki mwili unarudisha nusu inchi, mwaka mwingine haurudishi kitu.

Binti akauliza labda ni mvua, maana masika mtu hatoki ndani. Swali zuri, ila Idd inasogea nyuma siku kama 11 kila mwaka, mwaka 2018 ilikuwa katikati ya Juni, 2024 ilikuwa Aprili, na kupanda kwa kiuno kumesogea pamoja nayo. Kama ingekuwa mvua au msimu wa maembe kingebaki palepale kwenye kalenda. Hakikubaki.

Na hili linaendana na yale yanayojulikana kwingine. Tafiti nyingi za watu wanaofunga zikikusanywa pamoja zinaonyesha kwa wastani watu wanapungua kidogo Ramadhani, alafu ndani ya wiki chache baada ya Idd uzito unarudi. Na wale wa sikukuu za Krismasi nao wana hadithi yao, kuna utafiti wa Marekani uliotoka mwaka 2000, waliwafuatilia watu wazima 195, wakakuta kipindi cha sikukuu za mwisho wa mwaka mtu anaongezeka chini ya nusu kilo kwa wastani, kitu kidogo mpaka unacheka, lakini ile kidogo ilikuwa haiondoki mwaka unaofuata, inasubiri mwenzake. Ndo daftari la Fundi lilivyosema, inchi yake moja ya kila msimu, nusu inarudi nusu inabaki, mwaka mwingine inabaki yote, na miaka inajumlishana.

Kwahiyo pilau ya Idd ikaachiwa huru. Siku moja ni siku moja. Hata ukila sahani tatu na biriani ya jirani juu yake, huwezi kutengeneza inchi ya kiuno kwa siku moja. Ila hapa Fundi akanikatalia, akasema mbona mwaka juzi nilipanda mizani ya duka la dawa siku ya tatu ya Idd nikakuta kilo mbili zimeongezeka? Zimeongezeka kweli, ila karibu zote ni maji. Ukitoka kwenye mfungo ukala wali mwingi mwili unaweka akiba ya wanga kwenye misuli na ini, na kila gramu ya akiba ile inashika gramu kama tatu za maji, ukijumlisha chumvi ya pilau na achari nayo inashika maji yake. Yanatoka yenyewe siku chache. Ubaya wa ile mizani ya siku ya tatu ni kwamba ilimvunja moyo, akasema si nimeshaharibu, basi, akaendelea kula kama mtu aliyeshindwa kesi. Na wanawake wengi nimewasikia wakisema hivohivo.

Haya, sasa wiki sita zile kuna nini? Hapa ndo penyewe. Nikamwambia anisimulie siku yake moja ya Ramadhani na siku yake moja ya mfungo mosi, kila kitu kinachopita mdomoni, hata kile anachokiita "si chakula".

Siku ya Ramadhani: Magharibi tende tatu, uji wa pilipili manga, kaimati au vibibi, juisi, magimbi au mihogo ya nazi na samaki, baada ya tarawehe chai na kitu, daku wali kidogo au kiporo. Mchana hakuna. Ni futari nzito, kweli, ila mchana hakuna.

Siku ya mfungo mosi: asubuhi chai ya maziwa na mahamri kwa mbaazi za nazi, saa nne mteja kaleta soda, mchana wali na mchuzi, alasiri kahawa na kashata, jioni... jioni akasema "jioni si ndo tunakula vilevile." Vilevile vipi? Vilevile kama Ramadhani! Juisi ya jagi ipo, kaimati zipo mara tatu kwa wiki kwasababu watoto wameshazizoea, magimbi ya nazi yapo, chai ya saa nne usiku ipo. Yaani mchana umerudi na usiku haukuondoka. Mkeka wa futari umebaki umetandikwa na kifungua kinywa kimerejea kazini. Tumbo lilishajifunza kula sana usiku mwezi mzima, alafu hakuna siku ambayo mtu yeyote nyumbani alitangaza kwamba futari imekwisha. Idd inatangazwa kwa mwezi kuonekana, ila kuondoka kwa kaimati hakutangazwi na mtu.

Ongeza na sita. Fundi anafunga sita za Shawali kila mwaka, na alikuwa anaamini zinamsawazishia mambo. Siku anazofunga sita nyumbani wanapika futari kamili ya Ramadhani na wote wanaila, wasiofunga pia, ambao wameshakula mchana. Yeye mwenyewe siku hiyo hana shida sana, ila nyumba inarudishwa kwenye ratiba ya mwezi uliopita mara sita zaidi.

Alafu kuna suala la sahani. Wasio wa pwani huku inabidi niwaeleze, Ramadhani majirani wanapelekeana futari, na sahani ya mtu hairudi tupu, ni aibu. Umeletewa mkate wa kumimina, unarudisha sahani na sambusa. Kwa Fundi zinaingia sahani nne tano jioni moja, na zinaendelea kwa wiki mbili tatu baada ya Idd kwa kisingizio cha visheti na tambi zilizobaki. Mimi hili silipigi vita kabisa, ni kitu kizuri kuliko vyote tulivyobaki navyo mtaani, na mtaalamu atakayekuja kukwambia uwakatalie majirani sahani zao basi huyo hajawahi kuishi Ngamiani. Ila ujue kwamba sahani tano maana yake ni aina tano, na mtu akiwekewa aina nyingi anakula zaidi kuliko akiwekewa aina moja, hata kama kila moja "anaonja tu".

Kubwa kuliko hayo yote kwa maoni yangu lilikuwa jagi. Nilimwomba binti atengeneze juisi ya ukwaju kama kawaida yake huku nikiangalia. Jagi la lita 2, sukari robo kilo, mkono haukusita. Ni gramu 250 kwa glasi 8, kila glasi gramu 31, vijiko vya chai saba na zaidi, na Fundi anakunywa glasi mbili usiku na hajawahi kuihesabu kama chakula, ni maji ya ukwaju tu. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wao wa 2015 wanataka sukari ya kuongeza isizidi sehemu ya kumi ya nguvu zote unazokula kwa siku, na wanasema ukifika nusu ya hapo, kama gramu 25, ndo bora zaidi. Glasi moja tu imeshapita hapo. Glasi mbili ni kalori 250. Kilo moja ya mafuta mwilini ni kama kalori 7,700, kwahiyo glasi mbili kwa siku 42 unapata kalori 10,500, kilo moja na robo mpaka na nusu hivi. Hesabu hii sio ya kuapia, mwili una njia zake za kujirekebisha, ila inakuonyesha kwamba huhitaji kumtafuta mchawi mbali. Na hapo sijagusa chai yake, vikombe vinne kwa siku, vijiko vitatu vya kufura kila kikombe.

Ramadhani ile juisi ilikuwepo pia, ndio. Ila ilikuwa inachukua nafasi ya mlo wa mchana. Baada ya Idd inakuja juu ya mlo.

Na kukaa. Kumi la mwisho fundi yeyote wa nguo halali, kila mtu anataka nguo yake kabla ya mwezi kuandama, anakaa kwenye cherehani mpaka saa nane usiku. Baada ya Idd ndo harusi zinaanza, sare za dira za watu thelathini, tena kukaa. Miaka ya nyuma alikuwa na cherehani ya kukanyaga, sasa amefunga mota. Sisemi mota imemnenepesha, kukanyaga cherehani sio riadha, ila zamani alikuwa anaenda mwenyewe kwa miguu mpaka Soko la Mgandini kununua uzi na vifungo, siku hizi anamtuma kijana wa bodaboda. Hivi vitu vidogovidogo vimeondoka kimyakimya.

Harusi zenyewe je? Tulizihesabu kwa kadi alizokuwa nazo, msimu wa 2024 zilikuwa tisa, ukijumlisha na singo (siku ya kumsinga bi harusi) na kesha za hapa na pale. Shughuli ya Tanga inaliwa kwenye sinia, watu wanne watano mmezunguka, na kwenye sinia hujui umekula kiasi gani, unaacha pale wenzio wanapoacha na mara nyingi hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuinua mkono. Alafu kuna kufungiwa. Zamani ilikuwa rambo, tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 2019 siku hizi ni foili na kopo, lakini pilau inafika nyumbani vilevile, na inaliwa saa tano usiku na kesho yake asubuhi kwa chai. Kwahiyo harusi tisa ni milo 25 au zaidi. Na siku ya harusi alikuwa na tabia ya kushinda na njaa makusudi, "nibane nafasi", anafika saa kumi na moja hana kitu tumboni, hapo hata mtume hawezi kumshika mkono.

Tulichofanya 2025 kilianza na vile alivyovikataa, na alikataa vingi. Kukataa pilau ya watu, hapana, watasema anaringa au anaumwa. Kula kabichi ya kuchemsha, hapana. Zile chupa za kukata tumbo zinazouzwa sokoni mimi ndo nilizikataa, yeye alishawahi kutumia moja ikamharisha siku mbili akadhani anapungua. Maji ya moto na ndimu hayana ubaya ila hayayeyushi mafuta, kama unayapenda kunywa, kama huyapendi lala.

La kwanza, futari ikafungwa rasmi. Yaani kweli, siku ya tatu ya Idd jioni Fundi akawaambia watoto leo ndo mwisho wa kaimati mpaka Ijumaa, na Ijumaa ni mara moja kwa wiki. Mlo wa usiku ukawa mmoja, unaliwa mapema, mchana ndo ukawa mlo mkubwa. Chai ya saa nne usiku ilikufa yenyewe kwa kukosa mwenza. Hapa alilalamika mjukuu tu.

La pili, jagi. Hatukuondoa juisi, tulishusha sukari kidogokidogo kuanzia katikati ya Ramadhani, kutoka robo kilo mpaka nusu ya hapo, ukwaju ukaongezwa na tangawizi na chumvi punje, na mpaka Idd inafika wageni walikuwa wanakunywa wanasifia. Ladha ya sukari ni mazoea, ukiishusha ghafla watu wanagoma, ukiishusha polepole hawajui. Maji yakawekwa mezani kwenye jagi lingine. Chai ikatoka vijiko vitatu ikaja kimoja na nusu, hapo aliteseka wiki mbili, hilo alilisema waziwazi na hakulifurahia.

La tatu, siku ya harusi anakula nyumbani saa nane mchana. Kunde au maharage, samaki wa soko la Deep Sea hapa Tanga, wa kuchoma au wa mchuzi mwepesi, mchicha au tembele, wali kidogo au ndizi. Akifika kwenye sinia anakula pilau kama watu, na kachumbari nyingi, ila hafiki na njaa ya siku nzima. Na foili inapofika nyumbani inagawiwa kwa mafundi vijana usiku uleule, hailali kwenye friji. Hili la foili lilikuwa wazo lake mwenyewe na nadhani lilifanya kazi kuliko ya kwangu yote.

La nne ni tepu. Kila Ijumaa asubuhi kabla ya kunywa chochote msaidizi anampima kiuno anaandika. Hili nalo lina msingi wake, kule Birmingham Uingereza kuna majaribio yaliyotoka mwaka 2018, watu 272, kundi moja liliambiwa lijipime uzito angalau mara mbili kwa wiki kipindi cha Krismasi na kuandika, pamoja na ushauri kidogo wa kula na kuonyeshwa chakula fulani kinahitaji utembee muda gani ili kiungue, kundi lingine likapewa karatasi ya kawaida ya afya. Tofauti mwisho wa sikukuu ilikuwa kama nusu kilo. Sio kubwa, lakini nusu kilo ndo hasa kiasi ambacho sikukuu inakubandika. Kwa Fundi mizani ilikuwa inamtisha kwa yale maji ya siku ya tatu, tepu haimtishi, ameishika tangu msichana.

La tano lilikuwa kutembea, na lilishindwa. Idd ya 2025 iliangukia mwisho wa Machi, masika ikawa inaingia, mpango ulikuwa aende kwa miguu mpaka Raskazone na kurudi asubuhi, akaenda mara chache, mvua zikapiga, barabara zikajaa maji, ikaishia hapo. Ukiweza kufikisha dakika 150 za kutembea kwa wiki vizuri sana, ila mpango wa kutembea Tanga mwezi wa nne unaotegemea jua ni mpango wa mtu asiyeijua Tanga. Kilichobaki ni safari ya sokoni, amemwondoa bodaboda kwenye uzi na vifungo tu, vitambaa vizito bado.

Majirani tuliwaachia sahani zao. Kitu kilichobadilika ni kinachorudishwa, Fundi akaanza kurudisha matunda, machungwa ya Muheza yaliyomenywa, papai, nanasi, badala ya sambusa. Wiki ya kwanza jirani mmoja alidhani kuna mgonjwa. Wiki ya tatu sahani mbili zilikuja na matunda. Moja bado inakuja na visheti mpaka leo, na ni vitamu.

Matokeo. Kabla ya Idd 2025 kiuno 38 na nusu, yaani Ramadhani ilipunguza nusu inchi kama kawaida yake. Katikati ya harusi, wiki ya nne, kikapanda mpaka 39, siku hiyo alinipigia simu kwa hasira, shughuli mbili mfululizo na mgeni kutoka Dar aliyekuja na halua. Wiki ya sita 38 na nusu. Kwahiyo kwa msimu mzima, sifuri. Kwa mara ya kwanza tangu 2018 daftari lina namba mbili zinazolingana kwa mwaka mmoja. Mwisho wa Desemba 2025, baada ya wageni wa likizo kuja na kuondoka, kiuno kilikuwa 38 na mizani kilo 79.

Binti yake anaona ni kidogo, kilo mbili kwa miezi kumi, mtandaoni watu wanashusha kumi kwa mwezi. Mimi sioni hivyo. Mtu ambaye kila mwaka anapanda nusu inchi akibaki palepale ameshashinda, na akishuka inchi moja ameshafuta miaka miwili, tena bila kususa sinia la mtu. Nguo ya harusi ya 2025 ipo, haijaachiwa mshono, ingawa ameshashona nyingine kwasababu sare ya mwakani ni rangi tofauti, hilo sio suala la lishe.

Angalizo moja kwa wenye sukari mnaotumia dawa au sindano, msichukue ratiba ya Fundi mkaifuata, kubadilisha muda wa milo na dawa ni jambo la kuongea na daktari wako kwanza, hasa Ramadhani.

Kilichobaki ni presha. Imeshuka kidogo, haijafika inapotakiwa, amepewa tarehe ya kurudi kliniki. Kwenye chumvi Shirika la Afya Duniani wanasema isizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai kwa kila kitu, na kwa Fundi chumvi haiko kwenye mboga, iko kwenye achari ya ndimu anayoitengeneza mwenyewe kwenye chupa juani na anaila kwa kila wali. Nimeshaligusa mara kadhaa. Jibu lake la mwisho lilikuwa, "Sukari nimekupa, kaimati nimekupa, foili nimewapa vijana. Achari simpi mtu." Tumefika hapo, mazungumzo yanaendelea.